Chekeche la Kahawa na Alama 82: Kumwandaa Mwalimu wa Sayansi ya Kompyuta

Hotuba kwa wakufunzi, wakuu wa shule, walimu na wanachuo wa ualimu, Moshi

Mkuu wa chuo, wakufunzi wenzangu, wakuu wa shule, walimu mliotoka Rombo, Hai, Siha na wengine kutoka kwa jirani zetu wa Arusha, na ninyi wanachuo mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya walimu wa somo la Sayansi ya Kompyuta. Aliyenitangulia ameeleza kwa kirefu habari za umeme, vifaa na intaneti, na sina la kuongeza hapo isipokuwa kusema kwamba nakubaliana naye, na kwamba vumbi la kiangazi hapa Moshi halina huruma na feni ya kompyuta. Mimi nitabaki kwenye jambo moja. Tunawafundisha walimu wetu kuandika programu iliyo sahihi na kuishia hapo, ilhali sehemu kubwa ya kazi yao darasani ni kuisoma programu iliyokosewa na kutambua mwanafunzi alikuwa akiwaza nini alipoiandika.

Nianze na darasa lenyewe. Muhula mmoja nilikuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji huu, upande wa barabara zinazopanda mlimani. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 14, nane kati ya hizo zikiwaka, na wanafunzi 46 wa kidato cha tatu. Mwanachuo niliyekwenda kumtathmini alikuwa binti makini sana. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zilikuwa tayari kabla kengele haijalia, na alikuwa amewachagulia wanafunzi kazi inayowagusa: waandike programu ya kupokea alama ya mtihani na kutoa daraja, kwa viwango vilevile vya Baraza la Mitihani ambavyo kila mtoto wa sekondari anavijua kama anavyolijua jina lake, yaani A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini ya hapo F.

Kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha alimaliza kabla ya wenzake wote. Programu yake ilianzia chini kwenda juu: kama alama ni 30 au zaidi, andika D, vinginevyo, kama ni 45 au zaidi, andika C, na kuendelea hivyo hadi A, kisha F kwa waliobaki. Akaijaribu kwa 38, ambayo baadaye niliambiwa ndiyo iliyokuwa alama yake ya Hisabati muhula uliotangulia, ikatoa D. Akaijaribu kwa 20, ikatoa F. Akaegemea kiti, ameridhika. Jirani yake, msichana mwenye utani mwingi, akapitisha mkono mbele yake na kuandika 82. Ikatoka D. Meza nzima ikaangua kicheko, na yule kijana akasema neno ambalo hakuna hata mmoja wetu humu ambaye hajawahi kulisema: "Mwalimu, kompyuta imegoma."

Mwanachuo akaja, akainama kutazama skrini, akasema, "Umeanza na D. Anza na A." Kisha akaenda ubaoni, akaandika programu nzima ikiwa imenyooka, na darasa zima likanakili. Jambo lote lilichukua dakika zisizozidi tano. Fomu yangu ya tathmini ilikuwa na kipengele cha umahiri katika maudhui na kipengele cha kusahihisha makosa ya wanafunzi, na katika vyote viwili nilimpa alama za juu. Nilikosea, na ilinibidi nirudi wiki iliyofuata ndipo nikaliona kosa langu.

Wiki hiyo kazi ilikuwa ya nauli za mizigo: mzigo usiozidi kilo 5 ulipiwe shilingi 2,000, usiozidi kilo 10 shilingi 4,000, na usiozidi kilo 20 shilingi 7,000. Zaidi ya nusu ya darasa, yule kijana akiwamo, walianza na kilo 20, kwa sababu walikuwa wameambiwa waanze na ile kubwa. Kwa programu zao, mzigo wa kilo 3 ulitozwa shilingi 7,000. Safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kujaribu kilo 3.

Ninaomba tukae kidogo na kosa hili, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Yule kijana hakuwa amesahau alama ya nukta mbili wala hakuwa mzembe. Alikuwa akiamini kwamba mashine itaisoma orodha yote ya masharti, itayalinganisha, kisha itachagua daraja linalomfaa zaidi mwenye alama, kama afanyavyo mtu anayetazama matokeo kwenye ubao wa matangazo. Mashine haifanyi hivyo. Inauliza swali la kwanza, ikijibiwa ndiyo inatenda ililoagizwa na kuruka yote yaliyobaki, bila kujua kwamba mbele kulikuwa na jibu bora. Kwa hiyo aliyeambiwa "anza na A" amepewa tiba ya kidonda kimoja, na imani iliyokizaa kidonda ikabaki palepale ikisubiri mizigo na nauli.

Mwaka 1986 Roy Pea, mtafiti wa Marekani, aliandika juu ya imani hii hii na kuonyesha kwamba wanaoanza kujifunza programu huichukulia kompyuta kana kwamba imeficha akili ndani yake, akili inayoelewa makusudio yao hata pale ambapo hawakuyaandika. Mwaka huohuo Benedict du Boulay alieleza kwamba mwanafunzi anahitaji kupewa picha ya mashine ya kufikirika, yaani maelezo rahisi na ya kweli ya jinsi mashine inavyopiga hatua moja baada ya nyingine, ili aweze kutabiri itafanya nini. Na ikatokea kwamba ni mwaka huohuo Lee Shulman alipowakumbusha walimu wa masomo yote kwamba kulijua somo ni elimu moja, kujua kufundisha kwa jumla ni elimu nyingine, na katikati yake ipo elimu ya tatu, ya kujua ni nini hasa katika somo hili humtatiza mwanafunzi na ni mfano gani utamtoa hapo. Vyuo vyetu vinatoa elimu ya kwanza kwa kiasi, na ya pili kwa wingi. Ya tatu, katika somo hili la kompyuta, tunamwachia mwanachuo ajiokotee mwenyewe kazini.

Anayetaka kuelewa tofauti hiyo na amkumbuke mgeni anayejifunza Kiswahili. Akisema "kitabu hii", kila mmoja wetu atamsahihisha papo hapo, "kitabu hiki", lakini mwalimu wa Kiswahili aliyeandaliwa vizuri anajua zaidi ya hapo: anajua kwamba mgeni huyu amezoea "nyumba hii" na "safari hii", akaifanya ngeli moja iwe mama wa zote, na kwamba kesho atasema "kiti yangu" na keshokutwa "mti ile". Anasahihisha chanzo na mifano yote inapona kwa pamoja. (Wapo na wenyeji wanaosema "kitabu hii", hasa huku kwetu kaskazini, lakini hayo tuyaache.) Mwalimu wa kompyuta anayeona D badala ya A anahitaji sikio la namna hiyohiyo.

Sasa, angefanya nini yule binti? Wengi wenu mmekulia kihambani na mnaijua kahawa tangu ikiwa mbivu mtini hadi inaposhonwa kwenye gunia. Kahawa ya maganda ikishakobolewa kiwandani, punje hupitishwa kwenye machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine. La juu lina matundu makubwa, la pili lina matundu madogo kidogo, na kushuka hivyo. Punje kubwa hubaki kwenye chekeche la juu na kuitwa AA; zinazopenya hukutana na la pili, na zinazobaki hapo huitwa A; zinazopenya tena huenda kwenye B, na kuendelea. Mgeuzie mwanafunzi mpangilio huo. Mwambie aweke chekeche la matundu madogo juu ya yote, kisha amwage debe la kahawa. Punje kubwa, za kati na za wastani zote zitakwama pale juu kwa pamoja na kupewa daraja la chini, na machekeche mengine yatakaa matupu. Kahawa ni ileile na hakuna kilichogoma. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuulizwa maswali tu.

Mtoto wa Kibosho au Machame akiona hivyo, haelezwi mara ya pili. Na uzuri wa chekeche ni kwamba linajibu kazi zote mbili. Unamuuliza: katika alama, sharti lipi linanasa wachache? "75 au zaidi," atasema. Katika mizigo je? "Isiyozidi kilo 5." Basi sharti linalonasa wachache ndilo hukaa juu, hata kama katika kazi moja lina namba kubwa na katika nyingine lina namba ndogo. Swali moja tu lingebaki, nalo kwangu ni bora kuliko maelezo yote: kwa nini 38 ilitoa jibu sahihi? Mwanafunzi anayeweza kulijibu hilo ameelewa kwamba programu iliyokosewa inaweza kusema kweli kwa bahati, na kwamba kuijaribu maana yake ni kuitafutia namba itakayoiumbua.

Nimelikaza hili kwa sababu nataka muone kwamba halikuhitaji vifaa. Machekeche mawili ya jikoni na kikombe cha punje vilitosha. Huko New Zealand, Tim Bell na wenzake Ian Witten na Mike Fellows walianza tangu miaka ya 1990 kutunga mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyotumia kompyuta, kwa kadi zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16 ambazo mtoto huzigeuza ili kuandika namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na kwa michezo ya kupanga namba inayochezwa uwanjani kwa kukimbia kwenye mistari ya chaki. Nimeona walimu wetu wakiipenda sana michezo hiyo, na ninaipenda pia, ila nina angalizo: mchezo ukiisha bila kurudishwa kwenye programu unabaki mchezo. Punje za kahawa lazima ziishie ubaoni, pembeni mwa masharti yaliyoandikwa, mstari kwa mstari.

Kwa shule yenye mashine nane na wanafunzi 46, kuna utaratibu mwingine ambao ningependa kila mwanachuo aondoke hapa akiujua. Ulipendekezwa na Sue Sentance wa Uingereza mwaka 2017, na una hatua tano: kutabiri, kuendesha, kuchunguza, kubadili na kuunda. Mwalimu anawapa wanafunzi programu iliyokwisha andikwa, kwenye karatasi, na kila mmoja anaandika kwa mkono wake anachodhani itatoa. Ndipo programu inaendeshwa, hata kama ni kwenye mashine moja mbele ya darasa. Kisha wanachunguza kwa nini waliotabiri vingine walikosea, wanaibadili kidogo, na mwishoni kabisa ndipo wanaunda ya kwao. Hatua ya kwanza, ambayo haihitaji umeme, ndiyo inayompa mwalimu hazina: karatasi 46 zenye utabiri ni karatasi 46 zinazoonyesha vichwa vya watu vinawaza nini. Mwalimu ambaye hakufundishwa kuzisoma atazihesabu tu, sahihi 19 na zilizokosewa 27, na kuziweka kabatini.

Lipo pia suala la lugha, na hapa sitagusa mjadala wa lugha ya kufundishia, maana sekondari tunafundisha na kufanya mtihani kwa Kiingereza na ndivyo ilivyo kwa sasa. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anapoliona neno "if" au "while", analipitisha kwenye Kiswahili chake kimyakimya, na huko ndiko makosa mengine yanakopikwa. Kiambishi chetu -ki- kina kazi mbili. Mama anapomwambia mtoto, "Ndoo ikijaa, funga bomba," anamaanisha kama itajaa na pia pale itakapojaa, na anategemea mtoto asimame pale akiiangalia ndoo muda wote. "If" ya kompyuta haisimami kuangalia ndoo. Inauliza mara moja, inapita, na hairudi. Nimeona wanafunzi wengi walioandika sharti moja mwanzoni mwa programu wakitarajia mashine iendelee kulichungulia hadi mwisho, ukiwauliza, wanakuambia bila kusita, "Nimeiambia ikifika kumi isimame."

"While" nayo wanaifasiri "wakati", na kwa kuwa "wakati" hauna kingo, wanadhani mashine itakatiza kazi katikati mara tu hali inapobadilika. Kiswahili kina neno linalokaa hapo sawasawa kuliko hata hilo la Kiingereza, nalo ni "maadamu". Maadamu ndoo haijajaa, mimina kopo moja. Unatazama ndoo, unamimina kopo zima, unatazama tena. Ikijaa katikati ya kopo, maji yatamwagika sakafuni, kwa sababu macho yako hutazama kati ya kopo na kopo tu. Mwalimu akiwamiminia wanafunzi maji hayo mara moja mbele yao, na yakamwagika kweli, atakuwa ameokoa vipindi vitatu. Majina ya kitaalamu hayanipi shida. Waliotupendekezea "ngamizi" na "tarakilishi" walifanya kazi yao, na wanafunzi wameendelea kusema kompyuta. Maneno madogo kama "ikiwa", "maadamu", "mpaka" na "vinginevyo" ndiyo yanayostahili somo zima chuoni, na sijaona chuo kinachoyapangia hata saa moja.

Turudi basi vyuoni. Ninavyoona mimi, tatizo linaanzia kwenye kuchanganya mambo mawili. Upo ujuzi wa kutumia TEHAMA ambao kila mwalimu anauhitaji, wa Historia kwa wa Kemia, na UNESCO wameutolea mwongozo ambao toleo lake la mwaka 2018 lina umahiri 18. Mwongozo huo ni mzuri kwa kazi yake. Lakini mwanachuo aliyefundishwa kuandika barua, kutengeneza jedwali la alama na kuandaa slaidi hajaandaliwa kufundisha sayansi ya kompyuta, kama vile anayejua kupika wali hajaandaliwa kufundisha kilimo cha mpunga. Na wasimamizi tunachangia kosa hilo. Nimewahi kumwona msimamizi mwenzangu, mtu wa heshima zake, akimpongeza mwanachuo kwa slaidi ambazo maneno yake yaliingia yakizunguka kama tiara, wakati wanafunzi wa nyuma walikuwa wamekwishalala. Msimamizi wa somo hili lazima awe mtu anayeweza kukaa karibu na mwanafunzi mmoja, akaisoma programu yake, kisha akamuuliza mwanachuo: huyu anafikiri nini? Jibu la swali hilo lipewe alama nyingi kuliko zana.

Ningependekeza kwamba kila mwanachuo, tangu wiki ya kwanza ya mazoezi, awe na daftari la makosa. Ukurasa wa kushoto anabandika au kunakili programu ya mwanafunzi kama ilivyo, bila kuigusa. Wa kulia anaandika vitu vitatu: mwanafunzi aliamini nini hadi akaandika hivi, ni data gani itakayoliibua kosa hili, na mfano gani wa maisha ya hapa utamwonyesha mwenyewe. Makosa 30 yaliyosomwa hivyo yanamfundisha mwalimu kuliko programu 300 zilizo sahihi, na baada ya miaka michache chuo kitakuwa na maktaba ambayo hakuna anayeweza kuiagiza kutoka nje, kwa sababu mwanafunzi wa Oslo hafasiri "while" kwa "wakati".

Kuna nchi zilizotutangulia na kujikwaa mbele ya macho yetu. Uingereza, kwa maana ya England yenyewe bila Scotland wala Wales, ilianza somo jipya la kompyuta Septemba 2014 kwa watoto kuanzia umri wa miaka 5, na ilikuwa mwaka 2018 ndipo kituo cha taifa cha kuwaandaa walimu wa somo hilo kilipoanza, kwa mpango uliotengewa pauni milioni 84. Chekeche lilipangwa kinyume. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa shule za msingi za vijijini, na utafiti uliofanywa katika shule 319 na kutolewa mwaka 2012 haukuona tofauti katika ufaulu wa Hisabati wala wa lugha. Sisi tumeanza kutumia mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, na sitaki kusema tumechelewa, maana walimu wengi watakaoufundisha bado wamo vyuoni, baadhi yao wakiwa wamekaa safu ya tatu na ya nne humu ndani.

Kwa walio kazini tayari, nitawarudisha kwenye mwaka 1974, ambao una mambo mawili ninayopenda kuyaweka pamoja. Mwaka huo serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mitambo ya kwanza, iliyofika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kuleta gharama na usumbufu kuliko faida. Na Novemba ya mwaka huohuo Azimio la Musoma likaamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, nchi ikajikuta inahitaji makumi ya maelfu ya walimu ambao vyuo visingeweza kuwatoa. Vijana waliomaliza shule ya msingi wakafundisha vijijini huku wakisoma: vitabu vilivyotumwa kwao, vipindi vya redio, usimamizi wa walimu wazoefu, na vipindi vya kukutana ana kwa ana. Jina "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, liligeuka kuwa kejeli, na ni kweli kina cha maudhui kilikuwa kidogo. Ila mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao, na nina heshima na kitu kimoja walichokuwa nacho: alichojifunza jioni alikijaribu asubuhi, na swali lake la jioni iliyofuata lilitoka kwa mtoto halisi.

Leo tuna mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, wenye jumuiya za kujifunza katika kila shule, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mwalimu wa kompyuta mara nyingi yuko peke yake shuleni, na jumuiya ya mtu mmoja ni upweke wenye mahudhurio. Walimu wa shule tatu au nne zinazofikika kwa nauli ya daladala moja wangeweza kukutana Jumamosi moja kila mwezi, kila mmoja akiwa na programu tatu zilizokosewa kutoka darasani kwake, kwenye karatasi, bila slaidi na bila posho ya maana. Najua neno la mwisho hilo limeleta minong'ono.

Wakuu wa shule, hapa nawasihi kwa heshima zote. Mwalimu wenu wa kompyuta ndiye anayechapa mitihani ya masomo yote, ndiye anayesajili watahiniwa, ndiye anayeitwa printa ikikwama na simu ya mhasibu ikijaa. Nimemkuta mmoja, mwenye shahada yake nzuri, akiwa na vipindi 22 kwa wiki na marundo ya mitihani ya vidato vinne ya kuchapa, na alipoonyesha daftari la maandalizi lilikuwa halijaguswa tangu Februari. Huyo hata tumpeleke mafunzo gani, akirudi atarudi kwenye printa.

Mmoja wenu aliniuliza wakati wa chai kama yote haya yana maana tena, maadamu siku hizi zipo programu zinazoandika programu zenyewe, na wanafunzi wanazo kwenye simu za kaka zao. Nilimjibu kwamba zimeifanya kazi ninayoizungumzia iwe ya lazima zaidi. Programu hizo hutoa majibu yaliyonyooka kwa macho, na mara nyingine yana kosa la aina ileile ya 38 na 82. Anayejua kuandika tu ataangalia na kuona pazuri. Anayejua kusoma ataitafutia namba.

Baada ya hapa tutagawanyika katika makundi ya watu sita. Juu ya kila meza mtakuta bahasha yenye majibu 12 ya wanafunzi, majina yameondolewa, na nimeyaacha na makosa yake ya tahajia kama yalivyokuwa. Hakuna ufunguo wa majibu ndani yake. Kwa kila jibu, mmoja wenu aandike mwanafunzi aliamini nini, na wengine wambishie. Muanze na la saba. Aliyeliandika alilijaribu kwa namba tatu, na zote tatu zilitoa jibu sahihi. Msiguse la nane mpaka mmeipata namba ya nne.